Posa ya Kinanda cha Mabomba

Kama umewahi kufika kwenye misa ya Kiswahili kule North York, ile ya Jumapili ya pili na ya nne, Wafilipino wakishatoka na Wareno hawajaingia, basi Léonard umemwona hata kama hukumtilia maanani. Ni yule mzee mwembamba anayekaa pembeni, karibu na mlango wa sakristia, anapiga kinanda cha umeme chenye kitufe kimoja kilichokufa. Kitufe chenyewe ni noti ya re, ile ya katikati. Léonard amekiruka miaka na miaka, na kwaya yetu nayo imezoea kuruka naye, hata mgeni akija akaiimba hiyo re tunamgeukia kumtazama.

Riziki yake iko kwenye kiwanda cha milango. Anapiga msasa kutwa, halafu anapanda basi kurudi Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na mbili, kwa mkewe Prudence anayehudumia wazee. Siku za misa kinanda kinasafiri naye kwenye basi hilohilo, kimefungwa blanketi la mtoto lenye picha za tembo, na madereva wa njia ya Don Mills wanamjua kwa blanketi hilo. Ni mtu wa tabasamu, mpole, mwenye adabu mpaka anakera.

Anakera kwa sababu haombi. Akipotea njia atazunguka saa nzima kuliko kumuuliza mtu. Dukani atatafuta chumvi mpaka mlinzi aanze kumfuata. Usidhani ni kiburi, la hasha. Léonard alikaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka kumi na mmoja, na kambini alipanga foleni kuomba mahindi, kuomba blanketi, kuomba karatasi ya kutoka na karatasi ya kurudi, mbele ya dirisha dogo lenye mtu na kalamu yake. Siku waliyofika Toronto, wamevaa makoti ya kupewa, alimwambia mkewe, "Mama Fabrice, mimi kuomba nimemaliza." Prudence alidhani ni uchovu wa safari. Miaka kumi na sita ikapita na mzee yuko palepale.

Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa hamu moja tu maishani, na hamu yenyewe haipatikani bila kuomba. Alipokuwa na miaka kumi na minne, seminari ndogo ya Gitega kwao Burundi, padri aliyewafundisha kinanda cha kukanyaga aliwafungulia kitabu akawaonyesha picha ya kanisa la Ulaya. Ndani yake kulikuwa na kinanda cha mabomba, mabomba yamepanda mpaka darini, na mpigaji amekaa chini yake akiwa mdogo, amewapa mgongo watu wote. Léonard akatamani kukaa pale. Seminari ikaishia njiani, akaoa, vita vikaja, akakimbia, akazeeka, na ile hamu haikumtoka.

Utaniuliza, kwani Toronto hakuna makanisa yenye mabomba? Yapo tele. Basi lake linapita mbele ya mawili kila siku ya kazi. Lakini ili mtu akuruhusu kukaa kwenye kinanda chake lazima umwambie unataka, na hapo ndipo mzee wetu alipokwama.

Mwaka jana mwezi wa kumi mambo yakabadilika. Kuria ndiye aliyeona kwanza. Huyu Kuria ni Mkenya wa Markham, anafanya kazi ofisi ya bima, ana nyumba ya vyumba vitano na sauti ya besi inayotoka unyayoni. Baada ya misa alimfuata Léonard akamwambia, "Mzee, leo mkono wa kushoto umekula noti kama sita. Kuna nini?"

Léonard akamwonyesha. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, na havikunyooka hata ukivivuta. Daktari alishapanga kumpasua Januari tarehe tisa, na alimwambia ukweli, kwamba huenda vikanyooka, na huenda visikubali tena kazi ndogondogo. Hapo ndipo Léonard alipomtolea Kuria habari ya picha ya Gitega, jambo ambalo hata watoto wake walikuwa hawajalisikia. Kuria alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lenyewe ni muujiza.

"Mzee," akasema, "mke wangu Chelagat anaenda kwa mamake Eldoret Krismasi hii. Mimi ningebaki Markham nikiongea na friji. Twende Ulaya tukakuoze hicho kinanda."

Neno kukuoza hakulitumia ovyo. Hapa Toronto hakuna posa ya maana iliyofanyika bila Kuria. Ndiye mshenga wetu. Kijana akitaka kuoa, awe Mkenya au Mrundi au Mkongo, wazazi wanampigia Kuria, naye anavaa suti yake ya kijivu, anakwenda kukaa sebuleni kwa watu na kumwaga maneno mpaka wenye binti wanacheka wenyewe. Alimposea Fabrice, mtoto wa Léonard, kwa kina Abigael, vikao vitatu, na mpaka leo yule mama mkwe anauliza Kuria atarudi lini. Kwa Léonard lilikuwa jambo la kumshushia mzigo. Mtu mwingine angemsemea, naye angekaa ameinamisha kichwa kama inavyompasa mwenye kuoa.

Watoto wakamkatia tiketi. Prudence hakuweza kwenda kwa sababu wazee anaowahudumia hawana likizo ya Krismasi. Alimfungia soksi na dawa za mafua, na alipomfikisha kwenye lifti akamwambia, "Baba Fabrice, nenda. Lakini ukirudi hujakipiga, usinisimulie habari za mataa ya Krismasi." Léonard akajua kwamba huyu mama hatanii.

Walitua Brussels tarehe kumi na saba Desemba, na siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mji wote ulikuwa unawaka taa. Kuria alipiga picha na kila mti wa Krismasi aliokutana nao, akanunua kofia ya sufu yenye masikio, akairekodia kwaya ujumbe wa dakika nne akisimulia kitafunwa cha mayai na sukari alichokuwa anakila. Léonard alitembea nyuma yake akicheka mwenyewe. Hakuwahi kusafiri popote bila kukimbia kitu, na kutembea tu mjini, tumbo limeshiba na pasipoti iko mfukoni, kulimpendeza kuliko alivyotarajia.

Kesho yake wakaingia kanisa moja pale mjini. Kinanda kilikuwa juu ya mlango mkubwa, mabomba yamepangwa mpaka karibu na dari. Mtunza kanisa alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, anapanga viti. Kuria akamwendea kwa mikono miwili, akampa pakiti ya majani ya chai ya Kericho na chupa ya ile sharubati nzito ya utomvu wa miti ya Kanada, akaanza kwa Kiingereza. Kijana akamjibu kwa Kifaransa kwamba Kiingereza chake hakifiki mbali.

Kuria akageuka. "Mzee, itabidi unitafsirie."

Hapo ndipo ungewahurumia. Mshenga hana lugha, na mwenye kuoa ndiye mkalimani.

"Mwambie tumetoka mbali," Kuria akasema. Léonard akatafsiri. "Mwambie hatukupotea njia, tumeiona nyumba hii tukajua ni nyumba ya heshima." Léonard akatafsiri. "Mwambie nimekuja na mtu. Mtu mwenyewe ni mtulivu, hanywi, hajawahi kugombana na jirani, na mikono yake ina kipaji ambacho Mungu hagawi kila siku."

Léonard akaona haya mpaka masikio yakawa moto. Akamwambia kijana, "Anasema kanisa lenu ni zuri sana."

Kijana akashukuru, akawapa karatasi yenye historia ya kanisa na saa za misa. Kuria akaipokea kwa heshima zote, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Umeona? Wametupa karatasi. Hapo wametukubali kabisa. Haya, tuage."

"Na kinanda?" Léonard akauliza.

"Kinanda leo? Mzee, leo tumebisha hodi. Umeona wapi watu wanaingia nyumba ya mtu siku ya kwanza na kusema wanataka? Hatuwezi fanya hivyo, watatuona hatuna wazazi. Neno tunaleta kesho."

Na Léonard akakubali. Hapo ndipo ujue wawili hawa walivyolingana. Kwa kweli hata yeye aliona haya ndiyo mambo yenyewe, yamekwenda vizuri, na jioni walikula wakijipongeza. Asubuhi wakarudi na neno lao wakakuta mlango umefungwa na tangazo limebandikwa: mazoezi ya tamasha, kanisa halifunguliwi mpaka mkesha wa Krismasi. Treni yao ya Ujerumani ilikuwa saa sita. Walisimama pale barazani wamevaa suti, wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Si kitu," Kuria akasema kwenye treni. "Nimejua kosa liko wapi. Cologne tutaunganisha vikao."

Cologne kulikuwa na baridi ya kawaida kwa watu wa Toronto, lakini yenye unyevu unaoingia mifupani. Masoko ya Krismasi yalikuwa kila uwanja. Walikula chapati za viazi na rojo ya tufaha, wakajaribu divai ya moto yenye mdalasini na karafuu, na Kuria akatangaza kwamba hiyo ni pilau iliyogeuzwa kinywaji. Kisha, tarehe ishirini na mbili, wakatafuta kanisa la mtaa wa nyuma, la matofali mekundu, ambalo Kuria alilichagua kwa sababu lilionekana halina makuu.

Walipofungua mlango walisikia mtu anapiga kinanda kule juu.

Léonard alikuwa amesikia vinanda vya mabomba kwenye simu, kwenye basi, masikioni, miaka yote. Hakuwa amejua kwamba sauti ile inapita kwenye sakafu pia, inapanda miguuni, na kwamba kifua cha mtu kinaitika. Alikaa kwenye benchi la karibu. Akaweka kiganja chake juu ya mbao kuhisi inavyotikisika.

Mwangalizi wa kanisa alikuwa mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, jina lake Clara, na Kiingereza alikijua vizuri. Kuria akajua siku yake imefika. Akaanza na salamu. Akamuuliza habari za watoto, akaambiwa wako watatu. Akamuuliza habari za magoti, maana alimwona anachechemea, wakaongea kuhusu magoti kwa muda. Akasifu paa, akatoa chai, akatoa sharubati, akaeleza Markham iko wapi. Clara akapendezwa mno, akawaletea biskuti za tangawizi. Nusu saa ikapita hivyo, na kule juu mtu anaendelea kupiga. Halafu Kuria akasimama, akaaga, akamshika Léonard mkono.

"Hicho ni kikao cha kwanza," akamnong'oneza nje. "Tuzunguke soko mara moja, turudi kwa cha pili."

Wakazunguka soko. Wakanywa kikombe kimoja. Wakarudi, wakabisha tena kana kwamba ni siku nyingine, na Clara akawafungulia akishangaa. Safari hii Kuria akatoa neno lote, picha ya Gitega, seminari, kambi, vidole, Januari tarehe tisa, na akalitoa vizuri kweli, maana mama wa watu alifuta macho.

Kisha Clara akajishika mashavu. "Kwa nini hamkusema mapema? Yule bwana aliyekuwa anapiga humkaribisha mtu yeyote ajaribu. Anafurahi akipata mtu. Ameondoka dakika kumi zilizopita, anakwenda kwa mama yake, atarudi baada ya mwaka mpya. Ufunguo wa kinanda anatembea nao."

Léonard akashukuru kwa adabu zake zote, akatoka, akaenda moja kwa moja hotelini bila kugeuka nyuma. Hasira ilikuwa imempanda mpaka meno yakamuuma. Jioni Kuria alimletea chapati za viazi kwenye karatasi, Léonard akazila, akalala ameelekea ukutani.

Kesho yake walikuwa kwenye treni ya Strasbourg, mvua ya theluji inapiga dirisha, kofia yenye masikio iko magotini mwa Kuria. Hapakuwa na porojo wala picha. Baada ya vituo vitatu Kuria akasema, "Mzee, nimekukosea sana. Nimeongea na mtu nusu saa nzima kuhusu magoti."

"Hukunikosea."

"Basi umenuna na nani tangu jana?"

Léonard akamgeukia. "Yule mama alijua Kiingereza. Mimi Kiingereza ninacho, si kibovu hivyo. Alikuwa amekaa mbele yangu, kinanda kinalia juu ya kichwa changu, na mimi nimenyamaza kama maji mtungini nakusubiri wewe umalize. Maneno manne tu, Kuria. Nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza. Nimenuna na mimi."

Kuria akamtazama. Akamkatia nusu ya mkate wake. Wakala, na kufika Strasbourg walikuwa marafiki tena.

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Kesho yake saa sita mchana walikuwa na treni ya kuwarudisha kwenye ndege, kwa hiyo hesabu haikuhitaji vidole. Mji ulikuwa mzuri ajabu, nyumba za mbao zimevalishwa matawi na dubu wa vitambaa, harufu ya njugu za kuchoma kila kona, watoto wanaburuzwa na wazazi wao. Léonard aliviona vyote na akavifurahia kweli, lakini macho yake yalitafuta minara. Kanisa la kwanza lilikuwa limefungwa. La pili lilikuwa na harusi. La tatu lilikuwa ng'ambo ya mto, dogo, mlango uko wazi kidogo.

Ndani kulikuwa na mama mmoja wa makamo, kavaa koti la njano, yuko juu ya ngazi anapigilia nyota ya bati juu ya pango la Mtoto Yesu. Kwenye kiuno chake kulikuwa na funguo nyingi. Juu ya mlango kulikuwa na kinanda, si kikubwa, mabomba ya kijivu yenye vumbi.

Léonard akamgeukia Kuria. Kuria alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mwisho.

"Hapa ni Kifaransa, mzee."

"Njoo angalau tusimame wote."

"Sisimami. Leo bwana harusi atajisemea." Akatoa simu akajifanya anasoma, ingawa kutoka alipokuwa Léonard aliona kioo hakina mwanga.

Hakuna aliyempigia Léonard makofi kwa kutembea zile hatua ishirini, lakini angestahili. Alijiona tena na bakuli lake mbele ya lile dirisha dogo, mtu wa kalamu haangalii juu, walio nyuma wanasukuma. Alifika chini ya ngazi akasimama. Yule mama akateremsha macho.

"Ndiyo, bwana?"

"Kanisa lenu ni zuri," akasema Léonard.

"Asante," akasema mama, akarudi kwenye msumari wake.

Akapigilia mara tatu. Nyuma kabisa Kuria akakohoa, kikohozi kisicho na mafua ndani yake. Léonard akavua kofia.

"Madame, naomba kupiga kinanda chenu."

Ombi lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kuta zikalirudisha, na yeye mwenyewe akalisikia mara mbili. Mama akashusha nyundo. Akateremka ngazi polepole, akafika chini, akamtazama.

"Wewe ni mpiga kinanda?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Kiwandani ni mpiga msasa, kwenye makaratasi alikuwa mkimbizi, nyumbani ni Baba Fabrice. "Ndiyo," akasema. "Toronto, misa ya Kiswahili. Kinanda chetu ni cha umeme. Chenye mabomba sijagusa hata siku moja, na nina miaka sitini, na mwezi ujao wananipasua mkono." Akauonyesha.

Mama akaushika ule mkono, akavigusa vile vidole vilivyojikunja kama anayekagua ufa kwenye kikombe. "Unataka lini?"

"Sasa."

Akacheka. Akamkabidhi nyundo Kuria aliyekuwa amekuja mbio kusikiliza, akamwonyesha nyota, akamwonyesha msumari, na Kuria asiyejua neno la Kifaransa akaelewa vizuri kabisa kwamba amepewa kazi. Akapanda ngazi na suti yake ya kijivu.

Ngazi za kwenda juu zilikuwa nyembamba, za kuzunguka, zinabana mabega. Mama akawasha swichi, na ndani ya kinanda kukasikika pumzi ndefu ya hewa inayojaa. Léonard akavua viatu akakaa. Hakujua aanzie wapi. Akaweka mkono wa kulia, akabonyeza sauti tatu kwa pamoja, na kinanda kikamjibu nyuma kidogo ya vidole, kwa sauti iliyomfanya aondoe mikono kana kwamba ameguswa na moto.

"Hakiumi," mama akasema. "Kina uvivu kidogo. Usikisubiri, endelea tu."

Akaendelea. Alipiga wimbo wa Noeli ambao padri wa Gitega aliwafundisha, wa Kirundi, ambao haukuwahi kuandikwa popote anapojua yeye. Ubeti wa kwanza alijikwaa kila mahali, miguu inakanyaga isipotakiwa, besi inanguruma bila mwaliko. Ubeti wa pili akaanza kuuelewa ule uvivu, akautangulia. Sauti ikajaa kanisa, ikamrudia mgongoni, ikampita. Ubeti wa tatu una sauti za chini ambazo vidole vyake viwili havikuzifikia, na palepale, bila kusimama, akasikia mdomo wake unasema, "Madame, nisaidie hizo za chini. Hiyo, na hiyo." Mama akainama begani kwake akabonyeza. Wakaupiga mara mbili hivyo, mikono mitatu.

Chini kule Kuria alikuwa ameutambua wimbo, maana Léonard alitufundisha kwaya nzima. Akaanza besi yake akiwa juu ya ngazi, anapigilia nyota nje ya mdundo. Watu waliokuwa wanapita nje wakitoka soko la Krismasi wakaingia na vikombe vyao vya moto, kwanza wawili, halafu familia, halafu benchi tatu zikajaa, wanamtazama Mwafrika mwenye suti anayemwimbia msumari. Léonard hakuwaona. Alikuwa amewapa mgongo watu wote, na alikuwa na furaha, furaha kubwa isiyo na sababu nyingine, machozi yanamshuka na hana mkono wa kuyafutia.

Saa nzima ilipita. Mama akagusa saa yake, akasema inambidi afunge kwenda kula, wajukuu wanamsubiri. Léonard akainuka, akavaa viatu, akashukuru kwa Kifaransa, akashukuru kwa Kirundi. Wakaanza kuteremka. Katikati ya ngazi za kuzunguka akasimama, na mama aliyekuwa nyuma yake karibu amgonge.

"Na kesho asubuhi?" Léonard akauliza. "Treni yetu ni saa sita."

Mama akafikiri. "Saa mbili nafungua kwa ajili ya watu wa maua."

"Saa mbili nitakuwa mlangoni. Na kuna kitabu chochote cha mazoezi ya miguu? Ningeomba niazime leo, nikisome hotelini. Miguu yangu haijui kitu."

"Kipo," akasema mama, na alikuwa anacheka tena. "Kuna kingine unachotaka?"

"Nikifikiria nitakwambia."

Walipotokea chini, Kuria alikuwa ameshuka kwenye ngazi, nyota imekaa upande, nyundo iko kwapani. Alikuwa amefuta uso na kufunga vifungo vya koti. Akamwendea mama kwa mikono miwili, akasafisha koo, akaanza kwa ile sauti yake ya sebuleni kwa watu.

"Mzee, nitafsirie. Mwambie hivi, mama, sisi tumetoka mbali, na leo hatukuja kusema mengi, tumebisha hodi tu, ila kesho, Mungu akijalia, tungependa kurudi na neno dogo."

Léonard akamshika bega.

"Acha, Kuria," akasema. "Nimeshaomba mwenyewe."